Mkono Mtupu

Saa nane usiku, hapa Duluth,
upepo wa ziwani unaisukuma theluji ubavu ubavu.
Mlango wa kliniki unafunguka,
anaingia mwanamke na kapu la nguo chafu,
juu taulo, chini ya taulo paka.

"Hajakojoa tangu jana asubuhi.
Nimepiga simu Cloquet, nimepiga Superior,
kote mashine inaniambia nisubiri Jumatatu."

Mimi ni wa mapokezi.
Daktari hugusa kibofu, mimi hugusa bei.
Anatoka: kibofu kigumu kama ndimu mbichi,
njia imeziba, asipozibuliwa
moyo utasimama kabla hakujapambazuka.
Kisha ananiachia karatasi na kurudi ndani.
Karatasi ni yangu.

Namsomea. Mpira wa mkojo. Dawa ya usingizi. Dripu.
Damu, kupimwa mara mbili. Kulazwa siku mbili.
Makadirio ya chini, dola elfu moja na mia tisa.
Ya juu siyatamki, nayawekea kidole.
Nusu ilipwe sasa.
Nimeisoma karatasi hii hata nimejifunza
kutazama vifungo vya koti badala ya macho.
Koti lake lina vifungo vinne na pini.

Kadi ya kwanza inakataa.
Ya pili inafikiri kwanza, halafu inakataa.
Ipo kampuni ya mikopo, namwambia, ajaze fomu kwenye simu.
Anajaza: Marlys Kivisto, mpishi wa shule, mshahara kiasi hiki,
na jibu linarudi upesi mno, bila hata adabu ya kusitasita.
Basi iko njia nyingine, nasema, na sauti inanishuka,
sindano, hasikii maumivu, dola mia mbili na kumi.
"Hata hizo sina," anasema,
na tunacheka, Mungu atusamehe,
tunacheka wote wawili.

Kisha anakaa.
"Nina kaka," anasema, kama mtu anayekiri ugonjwa.
"Hatujasemezana miaka sita. Nyumba ya mama."

Simu inaita, inaita. Ameiweka mezani kwangu, spika wazi,
maana mikono haimtulii.
"Reino. Ni mimi. Ni Pulla, yuko hospitali, wanataka—"

Kimya.
Nasikia kitanda kikilia. Droo. Miwani ikipapaswa.
Halafu sauti kavu ya mwanamume:

"Nne. Saba. Moja. Moja."

Nashtuka, naanza kubonyeza.

"Sifuri. Sifuri. Tisa."

Tarakimu kumi na sita, moja moja,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani
akitafuta kila kidato kwa kisigino.
Hasemi pole. Hamtaji mama.
Anataja mwezi na mwaka kadi itakapokufa,
na zile tatu za mgongoni,
anakata.

Mashine inatema risiti. Marlys anatia sahihi ya jina lisilo lake,
anaikunja mara nne, anaificha ndani ya glavu.

Saa kumi na moja daktari anatokeza
na mfuko wa mkojo mwekundu,
ameuinua juu kama kombe la mashindano.
Nampeleka Marlys nyuma, ingawa hairuhusiwi.
Pulla ana kola ya plastiki na macho ya mlevi.
Dada mtu anapenyeza mkono kwenye kizimba,
mkono usio na samaki, usio na senti,
na paka anaulamba,
taratibu, kwa ulimi wake wa msasa,
kidole hadi kidole.

Simu inatetemeka mfukoni mwake.
Ananionyesha, sijui kwa nini mimi:
*Amekojoa?*

Nikamwacha pale akiandika,
akifuta,
akiandika tena.
Mezani palikuwa na mzee na mbwa aliyevikwa sweta,
sweta limelowa damu upande mmoja.
Nikachukua karatasi.
Nikatafuta vifungo vyake.